Lehemu ya Baba

Karabai ilikuwa darini, Uru, juu ya meko,
imevaa masizi ya miaka thelathini na moja
na buibui wawili waliokataa kuhama.
Nimeteremka nayo Majengo, kwenye kibanda changu cha redio,
ndani ya kapu la ndizi, nimeiviringa kanga
kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Wateja wanacheka. Mama Redio, umeme umekwisha?
Nasugua. Majivu na ndimu, ndimu na majivu,
mpaka shaba inaanza kunitazama:
kwanza shavu, kisha herufi za kiwandani,
kisha ile lehemu ya baba,
nene, ya mabongemabonge, kama ugali wa mwanamume.

Kila mtu kwetu anaijua lehemu hii.
Usiku wa kumenya kahawa. Ndekirwa, miaka kumi na saba,
katumwa aipeleke karabai kwenye mashine, ng'ambo ya mfereji.
Alirudi gizani, mafuta yakimchuruzika mguuni.
Haikuanguka, baba.
Haikuanguka.
Mara ya tatu alisema akiwa amekumbatia mbuni.
Asubuhi lori la chama lilipakia magunia, na yeye juu yake.
Tangu hapo jina lake nyumbani ni Yule Aliyeangusha Taa.

Pampu kwanza. Ngozi yake imekakamaa kama dagaa.
Nimekata nyingine kwenye ulimi wa kiatu cha baba,
kile cha kanisani, nikailoweka mafutani usiku kucha.
Utambi, kile kisoksi cha nyuzi, nimeusaka Mbuyuni siku mbili;
nimeupata kwa mama anayeuza sumu ya panya.
Nozeli nimeizibua kwa unywele wa brashi ya waya.

Ikabaki lehemu. Nikaipaka povu la sabuni: inapumua.
Nikajaza tangi maji, nikapasha pasi,
risasi ikalainika, ikadondoka matone mezani,
na mpasuko ukabaki uchi.

Nikavaa miwani. Nikavua. Nikaifuta, nikavaa tena.
Kitu kikianguka hubonyea, shaba huingia ndani.
Hii imetoka nje.
Midomo ya mpasuko imebinuka kama ya mtu anayetaka kusema;
imesukumwa na pumzi, si na jiwe.
Nami nikauona mkono wa baba juu ya pampu,
unapiga, unapiga, hauhesabu,
kwa sababu ng'ambo ya mfereji karabai ya kina Kimaryo
ilikuwa nyeupe kuliko yetu.

Sikulia. Nilikuwa na pasi ya moto mkononi.
Nimelehemu upya, nyembamba,
nikaacha kibonge kimoja cha baba pembeni.
Sijui kwa nini.

Saa mbili usiku nimezima balbu.
Spiriti kikombeni, moto wa buluu, ngoja.
Utambi huungua kwanza, ukawa jivu tupu,
ukiugusa umekwisha;
na jivu hilohilo ndilo linalowaka.
Pampu ishirini. Mafuta yakapanda. Ikakohoa, ikatema,
kisha ikashusha pumzi moja isiyokwisha,
na bisibisi zangu zote ukutani zikapata vivuli.

Nikampigia Ndekirwa, Ngaramtoni.
Anafuga ng'ombe watatu, hapendi simu za usiku.
Nani amekufa?
Hakuna. Sikiliza.
Nikaisogeza simu karibu na kioo.

Akanyamaza, nikadhani salio langu limekwisha.
Nikamwambia shaba imetokea nje.
Nikarudia: nje, kaka.
Upande wa pili ng'ombe aligonga ndoo kwa kwato.
Umepiga pampu ngapi? akauliza.
Ishirini.
Zinatosha, akasema. Usiongeze, Anansia.